Ndege wa Mtaani Kwetu na Adabu ya Kuwatazama



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyewaumba viumbe wenye kutambaa, wenye kutembea na wenye kuruka, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Wiki hii tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi. Asema ana mtoto wa kiume wa miaka 12 ambaye, tangu likizo ianze, akisharudi chuoni huchukua daftari lake akaenda ufuoni kuwatazama ndege. Huandika rangi zao, midomo yao na idadi yao, kisha jioni huisomea nyumba nzima aliyoyaona. Baba yake aona huo ni upotezaji wa wakati, na kwamba lau saa hizo zingetumiwa kuhifadhi, kijana angekwisha ongeza juzuu nyingine. Hapo pangekuwa na ubishi mdogo wa nyumbani, lakini kuna la pili. Kijana amegundua bundi wawili katika pango la mwembe ulio nyuma ya nyumba ya bibi kizee mmoja mjane, akawaonyesha wenziwe kwa furaha. Habari ilipoenea mtaani, walitokea wanaotaka ndege hao wafukuzwe kwa moshi na mawe, na wengine wakaanza kunong'ona juu ya bibi mwenyewe. Mama auliza: Je, mtoto azuiwe? Na hao majirani waambiwe nini?

Tumeona maswali haya yanafaa kujibiwa hadharani, kwa kuwa hayahusu nyumba moja pekee.

Kutazama ni ibada au ni upuuzi?

Tuanze na la baba. Hofu yake ni hofu ya mzazi mwema, na hatuidharau. Lakini na tuitazame Qur'ani yenyewe ambayo twataka mtoto aihifadhi. Katika Suratul Mulk, aya ya 19, na katika Suratun Nahl, aya ya 79, Mola wetu anawaelekeza watu wawatazame ndege walioko angani na wazingatie ni nani awashikiliaye wasianguke. Katika Suratun Nur, aya ya 41, tunafunzwa kuwa ndege, mbawa zao zikiwa zimekunjuliwa, nao wana sala yao na tasbihi yao. Na katika Suratul An'am, aya ya 38, tunaambiwa kuwa ndege ni umma mfano wetu sisi. Basi mtoto ayasomaye haya kwa ulimi, kisha akatoka akayaona kwa macho, amepata mara mbili. Hifdhi na kutazama si wake wenza wagombaniao zamu.

Tena tukumbuke kuwa ndege wametumwa kuwa walimu. Kunguru ndiye aliyemfunza mwana wa Adam namna ya kumsitiri nduguye ardhini, kama ilivyo katika Suratul Maida. Hudihudi ndiye aliyemletea Nabii Sulayman habari za Sabaa, habari ambazo mfalme yule mwenye majeshi ya watu na majini hakuwa nazo. Ndege mdogo alijua asilolijua mfalme.

Wanazuoni wetu waliotangulia hawakuliona jambo hili kuwa dogo. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya tatu ya Hijria, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama. Ad-Damiri wa Misri, faqihi wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 808 Hijria, naye alikusanya kamusi ya wanyama, ndege wakiwemo, akaeleza tabia zao na hukumu zao. Hawa walikuwa watu wa elimu, na wakati wao ulikuwa na thamani.

Kwa hivyo jawabu letu kwa baba ni hili: asimzuie mtoto, bali amwekee mipaka. Sala isipitwe na wakati wake, darsa isikosekane, na ufuoni asiende peke yake. Na lau baba mwenyewe atafuatana naye siku moja kwa wiki, litakuwa jambo bora zaidi.

Tuwajue kwa majina

Nabii Adam alifunzwa majina ya vitu vyote, na kwa elimu hiyo alipewa heshima mbele ya malaika. Sisi tumefika mahali ambapo mtoto wa mjini akisikia neno "ndege" hutazama upande wa uwanja wa Moi akitafuta kitu chenye injini. Akioneshwa kiumbe mwenye manyoya, atasema "ni ndege tu." Wazee wetu hawakusema hivyo. Walikuwa na jina kwa karibu kila anayetua katika mnazi, katika mkoko na katika mchanga, na majina hayo yamo katika hatari ya kuzikwa pamoja nao.

Hebu tuanze na walio karibu. Jurawa ni yule mdogo wa rangi ya udongo ajengaye katika matundu ya kuta na chini ya mabati, na ambaye huingia hata msikitini bila ya kubisha hodi. Shore ni mweusi wa kichwa na kahawia wa mwili, na chini ya mkia ana manjano. Ndiye anayewahi kulitoboa papai kabla ya mwenye mpapai. Chozi ni mdogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima ukimwondoa mdomo na mkia. Mdomo wake ni mwembamba uliopinda, naye hunywa utamu wa maua, na ukitaka kumwona, simama kimya karibu na ua la mgomba asubuhi. Tetere hulia kwa sauti ya upole katikati ya joto la mchana, wengine wote wanaponyamaza.

Kisha kuna mnana, yule wa manjano ajengaye katika makuti ya mnazi. Huyu anafaa kutazamwa na vijana wanaotaka kuoa. Dume huchana nyuzi za majani na kuzisuka kwa mdomo, fundo kwa fundo, hata ikawa nyumba inayoning'inia na kuyumba kwa upepo bila kuanguka. Jike huja kuikagua, na asiporidhika huondoka, na dume hubomoa akaanza upya. Hatujasikia kuwa mnana amewahi kulalamika kuwa masharti ya bibi arusi ni mazito.

Na kuna dudumizi, ambaye wengine humwita tipitipi. Sauti yake ni kama maji yanayomiminika kutoka chupani, na wakulima wamezoea kuisikia mvua inapokaribia. Tutarudi kwake tutakapomzungumzia bundi, kwa kuwa kuna tofauti inayotakikana kufahamika.

Majina haya hubadilika kutoka Lamu hadi Vanga. Mmoja asema barawai, mwingine mbayuwayu, na ndege ni yule yule. Hilo si kasoro, bali ni utajiri. Mtoto amwendee bibi yake, amwendee mvuvi mzee, awaulize: huyu mwamwitaje? Ataondoka na jina, na pengine na kisa chake, na mzee atakuwa amepata mtu wa kuzungumza naye.

Wageni wa kaskazi na wageni wa kusi

Watu wa pwani hatuhitaji kufunzwa kuwa upepo huleta wageni. Majahazi ya Ghuba na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi kwa karne nyingi. Ndege nao wana misimu yao, na misimu hiyo yakaribiana na ile ya mababu zetu.

Kuanzia Agosti na Septemba, kabla kaskazi haijashika vyema, huanza kuwasili ndege wa kaskazini. Barawai huja kutoka Ulaya na Asia, na uzito wake haufiki gramu 25. Vitwitwi, wale wadogo wakimbiao mbele ya wimbi kama watoto wanaolichokoza, baadhi yao wamezaliwa Siberia, kando ya bahari ya barafu. Sululu naye, mwenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini, hutoka katika nchi za baridi za kaskazini, na hapa kwetu hufukuzana na kaa katika matope. Katika miezi ya kaskazi hufika pia keremkerem wekundu, ambao jioni hukusanyika kwa makundi kulala katika mikoko, hata mti ukawa kama uliochanua maua mekundu. Ifikapo Machi na Aprili, wengi wa wageni hawa huwa wameanza safari ya kurudi.

Mmoja katika wageni wa kaskazi anatuhusu sisi kwa ujirani wa zamani. Ni ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu na mdomo mnene mweusi, mlaji wa kaa. Huonekana kwa makundi katika Hori la Mida, karibu na Watamu. Ndege huyu hutaga katika visiwa na fukwe za Ghuba, Omani na Bahari ya Shamu. Huchimba shimo katika mchanga na kutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia. Wanapofika huku kwetu, kinda bado huonekana akimfuata mzazi wake na kumwomba chakula, na mzazi humpa. Amemvusha bahari na bado hajamwacha. Tuyapime malezi yetu kwa kinda huyo.

Kusi nayo ina wageni wake. Kutoka Bukini, yaani Madagaska, huja kerem wa rangi ya zeituni, na huja pia ndege mmoja mdogo wa kahawia mwenye mbawa ndefu, akamataye wadudu angani, ambaye hukusanyika katika mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Miezi hiyo hiyo, buabua hutaga katika visiwa vidogo kama vile Kisite na kile cha mbele ya Watamu. Twawanasihi wavuvi ndugu zetu na vijana waendao matembezi: mayai hayo yaachwe. Buabua hutaga yai moja au mawili tu juu ya mwamba, na mtu akishuka kisiwani, mzazi huruka akaliacha juani, na jua letu mwalijua.

Wako pia wenyeji wasiopatikana penginepo. Msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye eneo la takribani kilomita za mraba 420, una bundi mdogo mwenye urefu wa shubiri moja, ambaye duniani kote anajulikana hasa katika msitu huo na katika misitu ya chini ya Usambara ya Mashariki, Tanzania. Una pia mnana mmoja ambaye haonekani nje ya kaunti ya Kilifi. Watu hulipa nauli za kuvuka mabara ili wawaone ndege hawa, na sisi twapita kando ya msitu huo kwa matatu, tumeinamia simu zetu.

Saa ya kutoka, na namna ya kusimama

Hakuna gharama kubwa katika jambo hili. Darubini ikiwepo ni neema, isipokuwepo macho mawili yatosha. Kitakikanacho ni daftari, kalamu na subira.

Saa bora za bara ni mbili: baada ya sala ya Alfajiri hadi jua kupanda, na baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi. Ndege huamka na sisi. Mtume (s.a.w.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Sayyidna Umar, aliwatolea mfano wa kutegemea kwa Mola, kwamba hutoka asubuhi matumbo yakiwa matupu na kurudi jioni wameshiba. Wanazuoni wametanabahisha kuwa ndege huyo alitoka, hakungoja riziki kiotani. Atakaye kuishuhudia hadithi hii kwa macho, na asilale baada ya Alfajiri.

Ufuoni, mwenye kuamuru ni bahari. Maji yakipwa sana, ndege huenda mbali na mtu huwaona kama nukta. Maji yakianza kujaa, huwasukuma karibu na ukingo, na hapo ndipo pa kukaa. Hapa kalenda yetu ya mwezi hutufaa kuliko ile ya ukutani. Bamvua huwa mwezi unapoandama na unapopevuka, na siku mbili tatu zifuatazo. Katika siku hizo maji hujaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, kwa hivyo mtu atoke saa nane akae kivulini, awangoje. Mnamo mwezi 8 na mwezi 22, wakati wa maji mafu, maji hujaa mnamo saa nne asubuhi, na hizo ndizo siku nzuri za kuwapeleka watoto wadogo. Lakini mwangalizi asiingie katikati ya matope maji yakiwa yanapanda, kwa kuwa siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hupita mita 3, na maji hayangoji mtu.

Ukimwona ndege usiyemjua, usikimbilie jina. Mpime kwanza: ni mkubwa kama jurawa, kama njiwa au kama kunguru? Mdomo wake ni mfupi au mrefu, umenyooka au umepinda? Miguu ya rangi gani? Anatembea, anarukaruka au anakimbia? Yuko peke yake au na wenziwe? Andika tarehe ya mwezi wa Kiislamu na ya miladi, mahali na saa. Mwaka ukipita, daftari hilo litakuwa na elimu ambayo huenda hakuna mwingine aliyeiandika kuhusu mtaa wako.

Na adabu ni hizi. Mtu asikaribie kiota hata mzazi akaruka. Asipige kelele wala asirushe kitu ili ndege aruke apigwe picha. Na mwenye darubini asiielekeze kamwe kwenye madirisha na nyua za watu. Sitara ya nyumba ni amana, na ndege akitua juu ya ukuta wa jirani, mwache mpaka aondoke.

Bundi hana kosa

Sasa tuje kwenye la pili, ambalo ndilo zito.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, alikanusha itikadi kadhaa za zama za ujahili, na miongoni mwao ni kupiga mkosi kwa ndege na kile walichokiita hama. Wanazuoni wameeleza kuwa hama ni ndege ambaye Waarabu wa zamani walidai hutoka kwa mtu aliyeuawa, akalia juu ya kaburi hata kisasi kilipwe. Na wengine wakasema ni bundi, ambaye akitua nyumbani kwa mtu walimhesabu kuwa ametangaza kifo. Kwa kauli zote mbili hukumu ni moja: ni batili. Basi Muislamu anayesema "bundi amelia, kuna atakayeondoka" amekirudia kile ambacho Mtume wake alikibomoa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

Hapa ndipo tofauti ya dudumizi na bundi. Mkulima akisema kuwa dudumizi hulia mvua ikikaribia, ametaja mazoea aliyoyaona, na mazoea hupimika: huenda yakawa kweli, huenda yakakosea. Lakini mtu akisema kuwa ndege huleta kifo au ametumwa na mtu, hajaona lolote. Ameutoa uwezo kwa Mwenyewe akampa kiumbe anayetafuta panya.

Na hilo hasa ndilo alifanyalo bundi: hutafuta panya. Yule bundi wa mijini, mwenye uso mweupe mfano wa moyo, ana masikio yasiyolingana kimo, na kwa tofauti hiyo hujua panya alipo hata katika giza totoro. Manyoya ya ukingo wa mbawa zake yana nyuzi laini, ndiyo maana hupita juu ya kichwa chako husikii kitu, na ndiyo maana watu humwogopa. Humeza panya mzima, kisha hutapika kitonge cha manyoya na mifupa. Kijana wetu akivikusanya vitonge hivyo chini ya mwembe na kuvifungua kwa kijiti, atayahesabu mafuvu, na mtaa utajua bundi hao wameuondolea panya wangapi. Twaongeza: panya akilishwa sumu kisha bundi akamla, naye huweza kufa, na panya waliobaki wakapata raha.

Lakini hatuandiki haya kwa sababu ya bundi peke yake. Katika pwani yetu, hasa Kilifi, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Hili limeripotiwa miaka nenda miaka rudi. Na tuhuma kama hizo aghalabu huanza kwa jambo dogo: mvi, macho mekundu kwa moshi wa kuni, upweke, shamba lenye warithi wenye pupa, au ndege aliyetua juu ya mti usiofaa. Neno huanza kibarazani, likafika kisimani, likarudi limeota meno. Anayesema kwa mzaha "yule bibi ana bundi wake" anaweza kuwa ameiweka kuni ya kwanza, na Siku ya Kiama ataulizwa kwa kuni yake hata kama si yeye aliyeuwasha moto.

Kwa hivyo twasema wazi. Bundi wale wasifukuzwe. Mwenye kunong'ona aambiwe anyamaze, naye aambiwe na wanaume wa mtaa mbele ya watu, si mwanamke peke yake uani. Imamu wa msikiti ulio karibu alitaje jambo hili bila ya kumtaja bibi. Na majirani waingie kwa bibi, wamsalimu, wakae, wanywe chai yake. Mtu anayetembelewa kila siku si rahisi kusingiziwa usiku. Pakitokea vitisho, chifu na polisi wapewe habari mapema. Kungoja si hekima.

Manati na kurabu

Likizo pia ni msimu wa manati. Muslim amepokea kuwa Ibn Umar aliwapita vijana wa Kikureshi waliomfunga ndege wakimfanya shabaha, na walipomwona wakatawanyika, akawaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya shabaha kiumbe chenye roho. Na Abu Daud amepokea kisa cha ndege aliyekuja akipapatika kwa sababu makinda wake wamechukuliwa na wasafiri, na Mtume (s.a.w.) akaamuru warudishwe. Watu walikuwa safarini, na makinda wawili wakapata hukumu yao. Mzazi akiona manati katika mfuko wa mwanawe, ampe daftari mahali pake.

Patatokea atakayeuliza: na kurabu je? Kunguru huyu wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 ili ale taka, akafika Mombasa mwaka 1947, na sasa hula mayai na makinda ya ndege wetu wadogo. Mwaka 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa idadi ya milioni moja. Sheria yetu inaruhusu kuondoa madhara, na kunguru ni katika wale ambao hadithi imeruhusu wauawe. Lakini ruhusa hiyo haihalalishi mateso, wala haimpi kila mtu idhini ya kumwaga sumu mahali wachezapo watoto na kuku. Kazi ya sumu iachiwe wenye idhini na ujuzi. Kazi yetu sisi ni kufunika majaa. Kurabu hufuata taka, na taka ni zetu. Wala asichanganywe na yule kunguru wetu wa asili, mwenye kifua cheupe na shingo nyeupe.

La kufanya Ijumaa hii

Tunazipendekezea familia mambo matatu, yote mepesi. La kwanza, wekeni bakuli pana la maji kivulini, mbali na paka, na mlisafishe kila siku. La pili, pandeni mti mmoja, uwe mpera au mti wowote wa matunda. Kwani katika hadithi ya Bukhari na Muslim, akilacho ndege katika mti alioupanda Muislamu huandikwa kuwa ni sadaka yake. Mti huo utamlisha shore mkiwa hai na mkiwa kaburini. La tatu, Jumamosi baada ya Alfajiri, tokeni pamoja, baba, mama, wavulana na wasichana, kwa nusu saa tu. Hesabuni ndege wa aina tofauti, na majina msiyoyajua waulizeni wazee. Watakaotuletea orodha zao zenye majina ya kienyeji, tutazichapisha hapa, inshallah, pamoja na jina la mtaa.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufunulie macho tuone, atufunge ndimi zetu na dhana mbaya, awahifadhi wazee wetu katika nyumba zao, na awakuze watoto wetu juu ya huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.